Ukuta wa Nyuma Haukupigwa Lipu

Ujiji, alasiri, kesho ndiyo safari

Shirin, mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga watu, na kwa jinsi ninavyoujua mji huu hurudi kabla ya magharibi, maana kila nyumba itakukalisha na kukulisha. Basi nami nimepata nafasi. Duka nimelifunga mapema, baba yako amekwenda stesheni Kigoma kuulizia tena behewa lako, kana kwamba litahama, na mimi nimekaa hapa uani na kalamu. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kigujarati chako cha kusoma ni aibu tupu. Kosa si lako, ni langu niliyekufundisha kwa kupiga kelele.

Habari za nguo na chakula cha njiani siziandiki. Begi umelifunga mwenyewe, na umelifunga vizuri kuliko ambavyo ningelifunga mimi. Wala sikuambii uamke mapema, usitembee gizani, usile vya barabarani. Hayo yote utayasikia kwa baba yako kesho mpaka gari moshi liondoke, na hata likishaondoka ataendelea. Mimi nataka tuseme lile la juzi.

Juzi tukiwa mezani ulisema ukifika Dar hutakaa Upanga kwa shangazi yako. Ulisema utakaa Magomeni kwa Mwajuma aliyeolewa huko, mmeshazungumza, na chumba ameshakipaka rangi. Baba yako akaweka kijiko chini. Nawe bila kupandisha sauti ukasema, "Kama Mwajuma hawezi kupanda ngazi za shangazi, na mimi sizipandi." Kisha ukakusanya vyombo ukaenda kuviosha. Wallahi nilitaka kukuzaba kibao na kukubusu kwa wakati mmoja, nikashindwa nianze na lipi.

Baadaye baba yako akanifuata jikoni. Akasema dada yake ameshatayarisha kila kitu, kwamba jengo zima pale ni watu wetu, kuna mlinzi getini, na mtoto wa kike hawezi kwenda kukaa Magomeni wakati ana shangazi yake hai mjini. Watu watasema nini? Halafu akamaliza kwa lile neno lake: "Lakini zungumza naye wewe. Utakaloamua ndilo hilo hilo." Ndivyo alivyo baba yako. Wanasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na kwa kuwa mimi nimezaliwa Tabora, basi tangu anioe ameuchukua msemo huo kuwa ni sheria.

Kwa hiyo uamuzi uko kwangu, na nimekuwa nao kichwani tangu juzi kama jiwe ndani ya mchele. Nitakuambia nilichoamua. Lakini kwanza nataka nikusimulie namna nilivyoishi katika nyumba hii, kwa sababu wewe unaijua nusu moja tu ya kisa chetu, nusu ya mguu wako.

Nilipoletwa hapa bibi harusi, upande huu wa barabara ulikuwa wa Wahindi watupu. Nyumba zilikuwa zimeshikana bega kwa bega, duka mbele, vyumba katikati, ua nyuma. Wengi wa zamani walikwisha hamia Kigoma kufuata reli, lakini babu yake baba yako alikataa. Alisema injini hainunui khanga. Akabaki, na wachache waliokuwa na kichwa kigumu kama chake wakabaki naye.

Sasa, kati ya ua mmoja na wa pili palikuwa na kilango. Kila nyumba ilikuwa nacho, huku na huku, mpaka mwisho wa mtaa. Wanaume walipita barabarani, sisi wanawake tulipita vilangoni. Nikiishiwa bizari natoka hivyo hivyo kichwa wazi, na unga mikononi, napita ua hadi ua mpaka nimwone mwenye nayo. Mtu akijifungua tunafika kwake kabla mumewe hajapata habari. Tulikuwa tunaweza kuumaliza mtaa mzima bila jua la barabarani kutuona.

Siku chache baada ya harusi mama mkwe alinishika mkono akanipitisha vilango vyote. Ndiyo ilikuwa desturi ya kumpokea mwali. Kila ua nikakalishwa kwenye kigoda na kutiwa kitu kitamu mdomoni, halua huku, jalebi kule, na huwezi kukataa. Nilipofika ua wa mwisho nilikuwa natafuta pa kutapika. Mama mkwe akanitazama kwa furaha akasema, "Haya, sasa umeujua mji." Na mimi mjinga nikaamini. Niliamini kwamba nimeijua Ujiji.

Ukuta wa nyuma, huu unaotazama uchochoro, haukuwa na mlango. Ulikuwa mrefu na juu umepandwa vipande vya chupa. Babu yako aliupiga lipu nzuri kwa ndani, akaupaka na chokaa, lakini kwa nje aliuacha matofali mabichi matupu. Nilipomuuliza akanijibu, "Lipu ya nini upande usioonwa na mgeni?" Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, ila shilingi ilikuwa haimtoki mpaka aikalie matanga.

Ng'ambo ya ukuta ule kulikuwa na watu. Wamanyema, Waha, watu ambao babu zao walikuwa hapa kabla babu zetu hawajajua kama kuna ziwa. Mmoja nilimjua kwa kikohozi. Kila alfajiri alikohoa, akafungua dirisha, akaanza kutwanga sombe, kisamvu chao, na mchi wake ndio uliokuwa saa yangu ya kuamkia. Nilijua anapogombana na bintiye na nilijua anapocheka, kicheko kikubwa cha mtu asiyeogopa jirani. Sura yake sikuijua.

Na hapa ndipo unicheke. Kulikuwa na mama mmoja mnene, mcheshi, aliyekuja dukani kununua sukari na mafuta ya taa. Alikuwa anapenda kunitania kwamba mizani yangu ina njaa. Nilimpimia miaka na miaka, shikamoo za wanawe nikaziitikia, tukaulizana habari za mvua. Shirin, haikunipitikia hata siku moja kwamba mteja wa mbele ndiye kikohozi cha nyuma! Nyumba yangu ilikuwa imemgawa mtu mmoja vipande viwili, na mimi nikaishi navyo bila kuviunganisha. Huyo ndiye Mama Mwajuma.

Kisha watu wetu wakaanza kuondoka. Mmoja akaenda Dar, mwingine Mwanza, wengine Kanada na huko Uingereza. Kila nyumba ikiuzwa, aliyenunua alileta fundi akaziba vilango. Simlaumu. Nani anataka kilango cha kuingilia kwa mtu asiyemjua? Lakini mimi nilikuwa nakaa hapa nikisikiliza mwiko wa fundi ukikwaruza, na machozi yananitoka. Kilipozibwa cha mwisho, upande wa kulia pakawa ghala la mfanyabiashara wa mawese, upande wa kushoto akaja mtumishi wa serikali aliyeondoka asubuhi na kurudi jioni. Nikabaki na mraba wa mbingu na wewe mdogo unacheza na mchanga.

Nilimsumbua sana baba yako tuondoke. Nilimwambia, "Tumebaki peke yetu." Peke yetu! Mji mzima unaadhini, unakohoa, unatwanga, unaoa na kuolewa kila wiki, na mimi nasema tumebaki peke yetu. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu, na halikuwa la siku moja. Nililiishi kama mtu anavyoishi na kidole cha sita, hakikuniuma, nikadhani ndivyo mikono ilivyo.

Ndipo Wakongo walipovuka. Warundi walikuwa wamekwisha tangulia, makambi yalikuwa yamejaa huko juu, lakini hao walikuja kwa ziwani, usiku na mchana, boti zinatia mwaloni zimezama mpaka ukingoni kwa uzito wa watu. Ujiji ikajaa. Shuleni watu, msikitini watu, kila baraza lina mtu amelala na mwanawe kifuani. Na uvumi nao ukajaa. Mara kipindupindu, mara kuna askari wamejificha kati yao, mara wanavunja maduka. Makufuli yote tuliyokuwa nayo dukani yaliuzwa kwa muda mfupi. Lile kubwa kuliko yote sikuliuza, nililiweka letu.

Baba yako alikuwa Kasulu kufuata mizigo. Asubuhi hiyo mchukuzi mmoja akapita dukani akaniambia, "Mama Shirin, mbona umekaa? Kuna Wahindi wenzako wameshuka mwaloni, wametoka Uvira."

Sijui nikueleze vipi moyo wangu ulivyoruka. Watu wetu! Nilijiona tayari nina mtu wa kumwazima bizari. Nilikanda unga, nikachoma chapati kapu zima, nikajaza chai kwenye chupa, nikakuambia wageni wetu wanakuja. Ulirukaruka. Ulitaka tuwakaangie na puri, nikakuambia baadaye. Kisha, kwa kuwa mji ulikuwa umejaa watu nisiowajua, nikakufungia ndani. Nilikuwa na hakika nakulinda. Nikapachika lile kufuli kubwa kwa nje, nikapitisha maneno kwenye tundu la mlango: "Usimfungulie mtu yeyote." Hata ungetaka ungemfunguliaje?

Hii ya mwaloni hujawahi kuisikia, nami sijamwambia mtu ila baba yako. Nilipita katikati ya wale watu na kapu la chapati za moto. Walikuwa wamelala juu ya mchanga, juu ya magodoro yaliyolowa, juu ya baiskeli zao. Watoto walilifuata kapu kwa macho, halafu kwa miguu. Mimi niliinua shingo nikitafuta sari, nikitafuta shalwar, nikitafuta uso wa rangi yangu. Sikuuona. Nikaanza kuita kwa Kigujarati, nauliza kama kuna watu wetu hapa. Nikarudia kwa sauti zaidi. Mama mmoja aliyekuwa anamfunga mtoto mgongoni akaniuliza Kiswahili naita nini. Nikamwambia nawatafuta watu wetu.

Akanitazama, akalitazama kapu. Akasema, "Batu benu ni banani, mama? Siye pia tuko batu."

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningemjibu, unanijua. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kijana mmoja wa boti akaongeza kwamba wale Wahindi walikwisha chukuliwa na gari la ndugu zao tangu alfajiri, wako njiani. Nikaliweka kapu mbele ya yule mama na chai yake. Usinisifu, sikufanya kwa wema, nilifanya kwa haya, na niliondoka haraka ili asipate nafasi ya kunishukuru.

Yaliyotokea nyumbani unayajua kwa ngozi yako. Ulitaka wageni wakute puri, ukawasha jiko, ukateleka karai la mafuta, likakupindukia mguuni. Ulipopiga ukelele watu wa mbele wakakimbilia mlango, wakakutana na kufuli langu. Mama Mwajuma alikuwa anatwanga. Aliniambia baadaye alijua kwa ule ukelele kwamba si wa mtoto aliyechapwa. Akatoka na mchi mkononi, akazunguka uchochoroni, hakuona mlango, maana haukuwepo. Basi akaanza kuupiga ukuta. Mwajuma akaja na jembe. Wanaume wawili wa Kikongo waliokuwa wamelala kwenye baraza lake wakainuka wakasaidia kwa mateke. Na matofali yale mabichi, yaliyonyeshewa mvua zote hizo bila lipu, yakamomonyoka kama mkate uliotiwa kwenye chai. Mpaka leo baba yako husema ubahili wa babu yako ndio uliokuokoa.

Nikarudi mimi, nakuta watu mbele ya duka, wananiambia maneno mengi kwa mara moja. Nafungua, naingia, naona tundu ukutani, matofali yametapakaa, na uani mwangu wamesimama wanaume nisiowajua. Wewe sikukuona. Unajua nilisema nini? Nilipiga yowe la mwizi. "Wezi! Wakimbizi wametuvunjia!" Nikamkamata mwanamke aliyekuwa karibu nikamtikisa. Mkono wake ulikuwa unatoka damu, zile chupa za juu zilimwangukia. Nikatazama, ni mteja wangu wa sukari.

Akasema, "Mama Shirin, kelele utapiga baadaye. Mtoto yuko kwangu, ameungua. Njoo."

Nilipita kwenye lile tundu nimeinama, na nikakanyaga uchochoro. Miaka yote hiyo sikuwahi kuweka mguu nyuma ya jiko langu mwenyewe. Wewe ulikuwa umekalishwa kitandani kwake, na Mwajuma, msichana mwenye akili, amekushika mguu juu ya beseni anakumiminia maji ya mtungi, akimaliza anaanza upya, huku anakutania kwamba wewe ni dagaa umetaka kujikaanga. Ulikuwa unalia na kucheka. Yeye ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka hospitali, mimi nikiwafuata nyuma. Daktari alisema yale maji ndiyo yaliyoinusuru nyama ya mguu.

Shangazi yako alipopata habari alipiga simu kwenye duka la jirani, akasema tundu lizibwe siku hiyo hiyo kabla hatujaibiwa mpaka sufuria. Fundi akaja na matofali yake. Akauliza, "Nizibe au niweke mlango?" Baba yako, kama kawaida yake, akanitazama mimi. Nikasema aweke mlango, na apige lipu pande zote mbili.

Mguu wako ulipoanza kupona, Mama Mwajuma akanitoa kwa mlango huo akanitembeza nyumba za nyuma. Hakuna aliyenitia halua. Nilipewa mihogo ya kuchemsha, nilipewa dagaa wa Mwamgongo, na katika nyumba moja iliyokuwa imepokea familia nzima kutoka Fizi, ng'ambo ya ziwa, tulikaa chini tukala ugali sinia moja na wageni wao, na sinia lilikuwa dogo. Bibi mmoja wa Kiha akanisalimu "mwakeye", akanitazama kutoka juu mpaka chini, akashangaa. Akasema, "Kumbe mna miguu! Sisi siku zote tunawaona kuanzia kiunoni, nyuma ya kaunta, tukadhani Mungu aliwaishia pale." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku hiyo sijamwambia tena baba yako tuhame.

Sasa usije ukasoma haya ukadhani nawasema watu wetu. Ninawapenda. Ninavililia vile vilango mpaka leo. Wale kina mama walinifundisha kupika na kulea, na nilipofiwa na mtoto wangu wa kwanza ndio walioniogesha na kunilisha kama kinda. Watu wakifika ugenini lazima wakumbatiane, hawana mwingine. Tatizo letu ni kwamba tulikumbatiana mpaka wajukuu wakazaliwa, na tulikuwa bado tunajiita wageni.

Na shangazi yako si mwanamke mbaya. Yeye anaishi ghorofani kama nilivyoishi mimi uani. Kwake ngazi ndizo vilango, anapanda na kushuka ndani ya watu wake, na nje ya geti ni mwalo uliojaa watu asiowajua. Mwaka jana Mwajuma alipokusindikiza kwake na kifurushi cha dagaa, akaambiwa asubiri chini pamoja na mlinzi, uliniletea hasira yako mpaka huku. Nilikuwa na hasira kuliko wewe. Lakini nilijua pia kwamba kama ukuta wangu ungekuwa umepigwa lipu nje, huenda na mimi ningemwacha Mwajuma asubiri chini. Kwa hiyo uwe unakwenda kumwona. Idi nenda kwake, kula biriani yake, msifu, maana kwa biriani hana mpinzani. Usimnunie, kununa hakukupendezi, unafanana na babu yako.

Na Magomeni nako usitegemee kupigiwa vigelegele. Mtaani watakuita Mhindi. Wapo watakaosema umefilisika, wapo watakaokupandishia bei ya nyanya, na wapo watakaokuja kukuangalia tu unavyofua. Kuna siku utatamani kusikia mtu akikugombeza kwa Kigujarati. Siku hiyo nipigie mimi, nitakugombeza vizuri. Na kwa Mwajuma wewe ni mgeni siku mbili, ya tatu shika jembe. Ana mume, ana watoto, anauza vitenge sokoni. Ukimwona amechoka usimuulize umsaidie nini, osha sufuria.

Shirin, nimekuwa nikizunguka ili nisilitaje hili, maana likinitoka nitalia na wino utamwagika. Ninajivunia wewe. Ninajivunia mpaka naona aibu mbele ya wazazi wengine. Uliporuhusiwa kutembea ulicheza netiboli na sketi fupi kama wenzako, na kovu lako nje, wakati mimi nilikuwa nakushonea suruali za kulificha. Shangazi yako alipokuambia kovu litakukosesha mchumba, ulimjibu, "Atakayeogopa goti langu ataniogopa na mimi mzima." Nilikimbilia stoo nikacheka peke yangu. Likizo zote ulipanda malori kwenda kambini kuwasaidia wauguzi, unawatafsiria kina mama, na ulirudi na chawa na nyimbo za Kibembe. Sasa unakwenda kusomea uuguzi. Wewe hukungoja kuvunjiwa ukuta ili uone kuna watu, umekua ukiona. Hilo sikukufundisha mimi. Nimejifunza kwako.

Basi nikuambie nilichofanya leo. Asubuhi nilivaa vizuri nikaenda kwa Mama Mwajuma, rasmi, si kwa kupitia kuazima chumvi. Nikamwambia nimekuja kama mzazi kuomba mwanangu akae kwa mwanawe. Aliniacha nimalize hotuba yangu yote. Kisha akasema, "Aka, Mama Shirin, umenishtua moyo, nilidhani umeleta msiba. Mtoto anakwenda kwa dada yake, hodi ya nini?" Akarudi kuchambua mboga zake. Nikasaidia.

Halafu nikampigia simu shangazi yako. Nakuambia kweli, miaka yote hiyo sijawahi kumkatalia neno yule mwanamke. Nikamwambia Shirin hatakaa kwako. Akauliza atakaa wapi. Nikamwambia. Akapandwa na hasira, unamjua, akasema nimekosa akili, akasema ukoo mzima utanizomea. "Watu watasema mmemtupa mtoto!"

Nikamwambia, "Waambie tumempeleka kwa dada yake."

Akanikatia. Nikaja nikamsimulia baba yako. Akaniitikia kwa kichwa, akachukua kofia, akasema anakwenda kuulizia behewa. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa hiyo ukimkuta njiani usimtanie.

Nikiwa ninakuandikia hapa simu imeita. Shangazi yako. Hakusalimu, hakuuliza hali. Ameuliza Magomeni ni mtaa gani na nyumba ina alama gani, maana Ijumaa anapika na hawezi kukaa akijua mtoto wa kaka yake anakula maharage. Nimemwelekeza pole pole, akawa anaandika.

Nenda kwa Mwajuma, mama. Nimeridhia kwa moyo wangu wote. Na shangazi yako atakapofika na masufuria yake, mwache Mwajuma afungue mlango na amkaribishe ndani, kwa kuwa nyumba ni yake. Wewe pokea masufuria, na nakuomba sana, usicheke.

Mama yako